Soul Finger: Albamu ya kwanza ya The Bar-Kays, na ya mwisho kwa wanne kati yao

Julai 1967, vijana sita wa mji wa Memphis, Marekani, walitoa albamu yao ya kwanza. Wengi wao ndiyo kwanza walikuwa wamemaliza sekondari. Miezi mitano baadaye wanne kati yao walikuwa wamefariki kwenye ajali ya ndege, wakiwa safarini na bosi wao, mwimbaji Otis Redding.

Bendi hiyo ni The Bar-Kays na albamu inaitwa Soul Finger. Ndiyo albamu pekee iliyorekodiwa na wale sita wa mwanzo. Jina la bendi liliendelea na likaja kuwa kubwa kwenye funk miaka ya 1970, lakini ukitaka kuwasikia waanzilishi wakiwa pamoja kwenye albamu yao wenyewe, utawapata hapa tu.

KWA UFUPI

Bendi: The Bar-Kays, Memphis, jimbo la Tennessee
Albamu: Soul Finger
Ilitoka: Julai 1967
Lebo: Volt, lebo tanzu ya Stax
Idadi ya nyimbo: 11
Mtindo: Soul na funk ya ala tupu, bila mwimbaji
Kibao kikubwa: Soul Finger, namba 17 kwenye chati kuu ya Billboard na namba 3 kwenye chati ya R&B

VIJANA SITA NI AKINA NANI?

James Alexander alipiga gitaa la besi. Ben Cauley alipuliza tarumbeta na Phalon Jones saksafoni. Jimmie King alikuwa kwenye gitaa, Ronnie Caldwell kwenye kinanda, na Carl Cunningham kwenye dramu.

Wengi wao walisoma Booker T. Washington High School, shule ya Wamarekani weusi iliyokuwa tayari imetoa wanamuziki wakubwa. Booker T. Jones, mpiga kinanda wa Booker T. & the M.G.'s, alipita hapo. David Porter, mtunzi wa nyimbo za Stax, naye alisoma hapo hapo.

Caldwell ndiye alikuwa Mzungu pekee kwenye kundi. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida, ila kwa Memphis ya 1967 haikuwa hivyo. Ubaguzi wa rangi kwenye migahawa na hoteli ulikuwa umepigwa marufuku kisheria mwaka 1964 tu, na mtaani watu weusi na weupe walikuwa bado wanaishi mbalimbali.

USICHANGANYE BAR-KAYS NA MAR-KEYS

Hapa watu wengi hujikwaa, kwa sababu majina yanafanana na bendi zote mbili zilikuwa nyumba moja, Stax.

The Mar-Keys walitangulia. Wao ndio waliotamba na kibao Last Night mwaka 1961. The Bar-Kays ni madogo waliokuja baadaye, wakaundwa mwaka 1966.

Kuna mkanganyiko mwingine. Otis Redding alipowasha moto kwenye tamasha la Monterey, California, Juni 1967, waliompigia hawakuwa The Bar-Kays. Walikuwa Booker T. & the M.G.'s pamoja na wapulizaji wa The Mar-Keys. The Bar-Kays walishika nafasi ya bendi yake ya safari kuanzia katikati ya mwaka huo.

STAX: SINEMA ILIYOGEUZWA STUDIO

Ili kuielewa albamu hii ni lazima uijue nyumba ilikozaliwa.

Stax ilianzishwa na ndugu wawili, Jim Stewart na dada yake Estelle Axton. Mwanzoni mwaka 1957 iliitwa Satellite, na jina la Stax lilikuja 1961, likiunganisha herufi mbili za mwanzo za Stewart na mbili za Axton. Studio yao ilikuwa jengo la zamani la sinema kwenye barabara ya East McLemore, katikati ya mtaa wa watu weusi. Sakafu iliachwa na mteremko wake ule ule wa sinema, na hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa za sauti ya Stax kuwa na mwangwi wa kipekee.

Mbele ya jengo Bi Estelle alifungua duka la santuri. Vijana wa mtaani walikuja kununua au kusikiliza tu bure, na yeye akawa anawatazama ni wimbo gani unawachezesha. Kwa maneno mengine, duka lilikuwa kipimo cha soko, na pia mlango wa kuingilia studio.

Mlango huo ndio waliopitia The Bar-Kays.

KUTOKA KUNG'ARISHA VIATU HADI KWENYE DRAMU

Carl Cunningham alianza kama kijana wa kung'arisha viatu kwenye kinyozi jirani na studio. Akipata upenyo, anaingia Stax kutazama wakubwa wakirekodi. Mtu aliyemkodolea macho zaidi ni Al Jackson Jr., mpiga dramu wa Booker T. & the M.G.'s, fundi aliyesifika kwa kushika mapigo bila kutetereka.

Jackson hakumfukuza. Alimfundisha. Wenzake Carl nao walijibanza hivyo hivyo kwa mafundi wengine wa nyumba ile, wakawa wanakwenda baada ya vipindi vya shule kujifua.

Haikuwa mteremko. Walipoomba kufanyiwa majaribio walikataliwa zaidi ya mara moja kabla Jim Stewart mwenyewe hajakaa na kuwasikiliza. Alipowasikiliza, mambo yakabadilika.

Kulikuwa pia na sababu ya kikazi. M.G.'s ndio waliopiga karibu kila wimbo uliotoka Stax, na mwanzoni mwa 1967 walikuwa wanaondoka kwenda Ulaya kwa ziara ndefu pamoja na Otis Redding, Sam & Dave na wengine. Studio ilihitaji kikosi cha pili. The Bar-Kays wakawa wanaandaliwa kwa kazi hiyo.

Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo Stax walivyofanya kwa vijana hawa.

KIBAO KILICHOWATOA

Wimbo Soul Finger ulirekodiwa Machi 1967 na kutoka Aprili, kabla ya albamu.

Unaanza kwa utani. Tarumbeta inapuliza melodi ya wimbo wa watoto wa shule, Mary Had a Little Lamb, kama vile kuna mtu anajaribu chombo. Mara dramu zinaingia, besi inashika mstari wake, wapulizaji wanakuja kwa pamoja, na ule utani unageuka ngoma ya kuchezeka.

Kisha unasikia watoto. Wanapiga makelele ya jina la wimbo na kucheka, kama kuna sherehe ndani ya studio. Hawakuwa waimbaji. Walikuwa watoto wa mtaani waliokuwa nje ya jengo. Isaac Hayes na David Porter, watunzi wawili waliokuwa wanawaandikia Sam & Dave, ndio waliochangia jina la wimbo na wazo la kuwaita watoto wale ndani. Malipo yao yalikuwa soda, Coca-Cola.

Wimbo mzima ni wa dakika mbili na ushee. Hakuna ubeti, hakuna hadithi ya mapenzi, ila ulifika namba 17 kwenye chati kuu ya Marekani na namba 3 kwenye chati ya R&B. Kwa wanafunzi wa sekondari hiyo haikuwa kazi ndogo. Watunzi walioandikwa ni wanabendi wote sita, jambo lenye maana kwa sababu hakuna aliyeachwa nje ya mgao wa utunzi.

Upande wa pili wa santuri hiyo kulikuwa na Knucklehead, wimbo ulioandikwa na wakubwa zao wawili wa M.G.'s, Steve Cropper na Booker T. Jones.

NDANI YA ALBAMU KUNA NINI?

Kibao kilipokamata, Volt wakaharakisha albamu. Ina nyimbo hizi 11:

1. Soul Finger
2. Knucklehead
3. With a Child's Heart
4. Bar-Kays Boogaloo
5. Theme from Hell's Angels
6. You Can't Sit Down
7. House Shoes
8. Pearl High
9. I Want Someone
10. Hole in the Wall
11. Don't Do That

Zote ni ala tupu. Siku hizi albamu nzima isiyo na mwimbaji inaonekana kitu cha ajabu, lakini kwa Stax ilikuwa biashara ya kawaida. Green Onions ya Booker T. & the M.G.'s ilishatoboa mwaka 1962, na kumbi za dansi zilihitaji ngoma za namna hii.

Nyimbo zinagawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni nyimbo za wengine zilizopigwa upya. With a Child's Heart ni ya Stevie Wonder, ya mwaka 1966. Hapa vijana wanapunguza mwendo na kuonyesha kwamba wanaweza pia kupiga taratibu. I Want Someone ilikuwa ya The Mad Lads, kundi la waimbaji wa Memphis lililokuwa Volt hiyo hiyo. You Can't Sit Down ilishavuma kabla yao, kwanza kwa Phil Upchurch Combo na baadaye kwa The Dovells. Hole in the Wall ilitolewa na The Packers mwaka 1965, na kwenye kurekodi ule wa kwanza walikuwepo Cropper, Booker T. na Al Jackson. Kwa hiyo kwenye wimbo huo unawasikia wanafunzi wakirudia somo la walimu wao.

Kundi la pili ni ngoma za kuchezwa tu, kama Bar-Kays Boogaloo na House Shoes. Boogaloo ilikuwa mtindo wa dansi uliotamba Marekani miaka hiyo.

Kiukweli si kila wimbo una uzito sawa. Ni albamu iliyotengenezwa haraka ili kufuata mafanikio ya kibao kimoja, kama albamu nyingi za wakati huo. Lakini ina kitu ambacho ni kigumu kukitengeneza kwa makusudi: unasikia watu wanaofurahia kupiga. Tarumbeta ya Cauley na saksafoni ya Jones zinakimbizana. Besi ya Alexander haina mbwembwe, inakaa inapotakiwa. Na Cunningham, yule kijana wa viatu, anapiga kama mtu aliyemsikiliza Al Jackson kwa makini, ila kwa haraka ya ujana.

NI SOUL AU NI FUNK?

Jibu fupi: iko mpakani.

Soul ilitokana na nyimbo za injili za makanisa ya Wamarekani weusi zikichanganywa na R&B. Nguzo yake ni sauti ya mwimbaji na hisia zake. Funk ilihamishia uzito kwenye mdundo: besi, dramu na gitaa vinafungana, na hata wapulizaji wanakuwa kama ngoma.

Mwezi ule ule wa Julai 1967 James Brown alitoa Cold Sweat, wimbo ambao wengi wanauhesabu kuwa kati ya zile zilizofungua mlango wa funk. Soul Finger bado ina mguu mmoja kwenye soul ya Memphis, yenye wapulizaji wanaojibizana kwa melodi. Lakini namna mdundo unavyobeba wimbo mzima, huku sauti za watu zikiwa makelele ya shangwe tu, tayari inaelekea upande wa pili. Ndiyo maana bendi ilipokuja kuwa ya funk kamili miaka ya 1970, wala haikuwa mgeni huko.

OTIS REDDING AWACHUKUA

Otis Redding alikuwa nyota mkubwa kuliko wote Stax. Alipowaona vijana hawa akataka wawe bendi yake ya safari. Kilichosubiriwa ni shule tu: wamalize kwanza, ndipo waingie barabarani.

Walipomaliza, wakaondoka. Majira ya joto ya 1967 yaliwakuta kwenye majukwaa makubwa, ukiwemo ukumbi wa Apollo mjini New York. Redding alikuwa na ndege yake ndogo aina ya Beechcraft 18, iliyomwezesha kufanya maonyesho ya wikiendi na kurudi nyumbani Georgia. Ndege haikuwatosha wote, hivyo wakawa wanapokezana. Wasiopata nafasi walipanda ndege za abiria.

DESEMBA 10, 1967

Desemba 9, Redding na bendi walikuwa Cleveland, Ohio, ambako walionekana kwenye kipindi cha televisheni cha Upbeat. Kesho yake, Jumapili, walitakiwa kupiga kwenye klabu ya The Factory mjini Madison, Wisconsin.

Hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua na ukungu. Mnamo saa tisa na nusu alasiri, ikiwa imebaki kilomita chache kufika uwanjani, ndege ilianguka kwenye maji ya baridi kali ya ziwa Monona.

Waliofariki ni Otis Redding, aliyekuwa na miaka 26, rubani, msaidizi kijana wa Redding, na wanabendi wanne: Jimmie King, Ronnie Caldwell, Phalon Jones na Carl Cunningham. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekuwa amefika miaka 20.

Aliyepona ni mmoja tu, Ben Cauley. Alikuwa amelala akiwa amekumbatia mto wa kiti. Alipozinduka alifungua mkanda, na muda mfupi baadaye akajikuta ndani ya maji akiwa bado ameushika ule mto. Hakujua kuogelea. Baadaye alieleza kwamba aliwasikia wenzake wakiita msaada na hakuweza kuwafikia. Alielea hivyo hadi waokoaji wakamkuta.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya James Alexander kupanda ndege ya abiria. Alipopata habari alilazimika kwenda Madison kutambua miili ya rafiki zake, akiwa bado kijana wa umri wao.

Wachunguzi hawakuweza kubaini sababu ya ajali.

Siku tatu tu kabla, Redding alikuwa amerekodi (Sittin' On) The Dock of the Bay. Wimbo huo ulitoka Januari 1968 na kushika namba 1 Marekani. Yeye hakuuona ukipanda.

WALIOBAKI WALIFANYA NINI?

Wengi wangeliacha hapo. Alexander na Cauley waliamua kuijenga bendi upya.

Walikusanya vijana wengine wa Memphis, wakiwemo Michael Toles kwenye gitaa, Harvey Henderson kwenye saksafoni na Willie Hall kwenye dramu. Wakarudi kwenye kazi ile ile waliyokuwa wameandaliwa, yaani kuwa kikosi cha studio cha Stax.

Matokeo yake yanasikika. Mwaka 1969 wanabendi hao walipiga kwenye Hot Buttered Soul ya Isaac Hayes, yule yule aliyewasaidia kwenye Soul Finger. Mwaka 1971 Willie Hall ndiye aliyepiga ule mlio maarufu wa hi-hat unaofungua Theme from Shaft, wimbo uliompa Hayes tuzo ya Oscar. Agosti 1972 bendi ilipanda jukwaa la Wattstax, tamasha kubwa la Stax kwenye uwanja wa Coliseum, Los Angeles.

Cauley aliondoka kwenye bendi mwaka 1971. Larry Dodson alikuwa ameshaingia kama mwimbaji, na bendi iliyoanza bila mwimbaji ikapata sauti yake. Stax ilipofilisika mwishoni mwa 1975, wakahamia Mercury na kutoa Shake Your Rump to the Funk mwaka 1976. Hao ndio Bar-Kays ambao mashabiki wengi wa funk wanawajua.

MKATABA ULIOWANYIMA STAX ALBAMU

Kuna pigo lingine lililokuja baada ya ajali. Mwaka 1968 Stax waliachana na Atlantic, kampuni iliyokuwa inawasambazia santuri. Hapo ndipo Jim Stewart alipogundua kwamba mkataba aliokuwa amesaini uliipa Atlantic umiliki wa rekodi zilizosambazwa nao hadi wakati huo.

Nyimbo za Otis Redding zikaenda, na Soul Finger nayo ikaenda. Stax ikabaki bila nyota wake na bila hazina yake, katika mji ambao Aprili mwaka huo huo Martin Luther King Jr. aliuawa. Jumba alilouawa, Lorraine Motel, ndipo wanamuziki wa Stax walipokuwa wakikutana na kutunga nyimbo.

KWA NINI ALBAMU HII BADO INASIKILIZWA

Si kwa huruma. Soul Finger bado inachezwa kwenye sherehe, na vijana wanaojifunza kupiga kwenye bendi zenye wapulizaji bado wanaipitia.

Lakini ukishajua kilichofuata, huwezi kuisikia vile vile. Makelele ya wale watoto waliolipwa soda, kicheko chao, ile tarumbeta ya utani mwanzoni, vyote vilinaswa katika miezi michache ambayo vijana hawa walikuwa na kila kitu mbele yao.

James Alexander aliendelea na The Bar-Kays kwa miongo mingi. Mwanawe, prodyuza anayejulikana kama Jazze Pha, alipewa jina la Phalon, la yule mpiga saksafoni. Ben Cauley aliugua kiharusi mwaka 1989, akarudi kupiga tarumbeta, na alifariki Septemba 2015 akiwa na miaka 67.

Jengo la sinema la East McLemore lilibomolewa mwaka 1989. Mwaka 2003 Jumba la Makumbusho la Stax lilifunguliwa kwenye kiwanja kile kile, na pembeni yake kuna shule ya muziki ya Stax Music Academy. Vijana wa Memphis wanakwenda hapo kujifunza ala baada ya masomo, kama walivyofanya The Bar-Kays.

ANZA NA HIZI TATU

Kama una dakika chache tu, sikiliza Soul Finger kwanza, na usikilize dramu. Kisha With a Child's Heart, uwasikie wakitulia. Malizia na Hole in the Wall, ukiilinganisha na ile ya The Packers. Hapo utasikia kazi ya walimu na ya wanafunzi wao.